Tiba tano za PTSD kwa wanajeshi waliorudi kutoka vitani: ipi imfae nani?

Mjomba wangu alipigana vita vya Kagera. Alirudi mwaka 1979 akiwa na viungo vyake vyote, na kwa miaka mingi ukoo ulimshukuru Mungu kwa hilo. Siku moja, nikiwa bado mtoto, kifuniko cha sufuria kilimponyoka mkewe jikoni, na kabla hakijaacha kuzunguka sakafuni mjomba alikuwa tayari amelala kifudifudi nyuma ya mlango, mikono yote miwili kisogoni. Hakuna aliyesema neno. Kifuniko kiliokotwa, chakula kikapakuliwa, na tangu siku hiyo vifuniko vyote vya nyumba ile vikawa vinawekwa juu ya kitambaa kilichokunjwa. Ugonjwa wake, ule wa akili na mwili kubaki vimenaswa na tukio la kutisha muda mrefu baada ya kupita, uliingizwa kwa jina la PTSD katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, mwaka mmoja tu baada ya yeye kurudi nyumbani, lakini jina hilo halikumfikia mpaka anafariki.

Kizazi cha sasa kiko katika hali nyingine. Wanajeshi wa Uganda na Burundi walianza kwenda Somalia mwaka 2007, wa Kenya waliingia huko Oktoba 2011. Wapo walionusurika shambulio la kambi ya El Adde, Somalia, Januari 2016, na wapo Watanzania waliokuwa kambi ya Semuliki, wilayani Beni nchini Kongo, iliposhambuliwa Desemba 7, 2017. Wengi wao wamekwisha kulisikia jina la ugonjwa, na wameambiwa kwamba unatibika. Kinachowakwamisha wao na wake zao ni kuchagua, kwa sababu huyu anawashauri dawa, yule anawashauri kuongea, na wa tatu anawaambia habari za tiba ya kufuatisha kidole kwa macho ambayo inasikika kama mazingaombwe. Ulinganisho huu ni wa mtu aliyesimama hapo.

Kwanza, ni ugonjwa huo kweli?

Si kila askari anayeshtuka kwa mlio ana PTSD, na kuchagua tiba kabla ya kupimwa ni kupoteza muda. Daktari hutafuta makundi manne ya dalili: tukio kujirudia katika ndoto za kutisha au katika kumbukumbu zinazomvamia mtu mchana kweupe, kukwepa watu, mahali na mazungumzo yanayolikumbusha, mawazo na hisia kubadilika, kama vile kujilaumu, kukosa furaha na kuwa mbali na watoto wake mwenyewe, na mwili kukaa katika tahadhari muda wote, usingizi ukawa mwepesi na hasira zikawa karibu. Dalili hizo ziwe zimedumu zaidi ya mwezi mmoja na ziwe zinavuruga maisha. Ipo fomu ya maswali 20, iitwayo PCL-5, ambayo mgonjwa anaijaza kwa dakika chache na inayotumika duniani kote kupima uzito wa dalili.

Kwa askari kuna jambo la kuangalia zaidi. Aliyewahi kurushwa na mlipuko anaweza kuwa na jeraha la ubongo lisiloonekana kwa nje, na jeraha hilo huleta usahaulifu, maumivu ya kichwa na hasira zinazofanana sana na PTSD. Pombe nayo huficha dalili na kuzizidisha kwa wakati mmoja. Mweleze daktari yote mawili bila kuona haya.

Vigezo vya kulinganisha

Nimetumia vigezo vitano, na ni vilevile kwa kila tiba: mgonjwa anatakiwa afanye kazi gani, inachukua muda gani, ushahidi wake ukoje, hasa kwa wanajeshi, ugumu wake uko wapi na ni wangapi huacha njiani, na inapatikana kwa urahisi gani. Kigezo cha nne ndicho ninachokitilia mkazo kuliko vyote. Tofauti ya nguvu kati ya tiba zilizothibitishwa ni ndogo, ilhali tofauti kati ya mtu aliyemaliza tiba na aliyeiacha katikati ni kubwa.

Kazi ya mgonjwa

Tiba ya kwanza ni ya kukabili, inayojulikana hospitalini kwa herufi PE, na iliasisiwa na Edna Foa wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Msingi wake ni kwamba kukwepa ndiko kunakoulisha ugonjwa: kila unapolikimbia jambo, mwili wako unajifunza kwamba lilikuwa hatari kweli. Kwa hiyo mgonjwa hulisimulia tukio kwa sauti, macho yamefumbwa, kana kwamba linatokea sasa hivi, akirudia tena na tena. Masimulizi yanarekodiwa kwenye simu, naye huyasikiliza nyumbani kila siku. Pamoja na hayo huandika orodha ya mambo anayoyakwepa, akiyapa alama kutoka 0 hadi 100. Askari ambaye gari lake lilikanyaga bomu la kutegwa barabarani anaweza kuanza na kutazama picha ya gunia lililotupwa kando ya njia, kisha apite mbele ya gunia lenyewe akiwa na ndugu yake, kisha peke yake, na mwishoni apande basi na kukaa kiti cha dirishani safari nzima. Hakuna hatua anayosukumwa kuichukua kwa nguvu.

Ya pili ni tiba ya kuchambua mawazo, yaani CPT, iliyobuniwa na Patricia Resick kwa ajili ya wanawake waliobakwa na baadaye ikapelekwa kwa wanajeshi. Hapa kazi kubwa ni kuzitafuta sentensi ambazo akili imekwama nazo. “Ningekuwa macho zamu ile, wangekuwa hai.” “Hakuna mtu wa kumwamini.” Mgonjwa huziandika kwenye karatasi maalumu, kisha mtaalamu humuuliza maswali kama wakili mpole: ulijua nini saa ile, si leo? Nani mwingine alikuwa na uamuzi? Kama mwenzako ndiye angekuwa kwenye lindo lile, ungemhukumu hivyohivyo? Si lazima alisimulie tukio lenyewe kwa undani, na kwa wengine hilo peke yake ndilo linalowafanya wakubali kuanza.

Ya tatu, EMDR, ndiyo ile ya kufuatisha kidole. Francine Shapiro aliigundua mwaka 1987 na kuichapisha mwaka 1989. Mgonjwa huishika kumbukumbu akilini huku macho yake yakifuata mkono wa mtaalamu unaokwenda kushoto na kulia kwa sekunde kadhaa, kisha husema kwa maneno machache kilichomjia, na mzunguko unarudiwa mpaka kumbukumbu ipungue ukali. Hakuna kazi ya nyumbani ya kila siku na hakuna haja ya kueleza kila kitu. Wataalamu bado wanabishana kama macho yenyewe ndiyo yanayoponya au ni kule kulikabili tukio kwa vipande vidogo. Mgonjwa hahitaji kuumaliza ubishi huo ndipo apone.

Ya nne ni tiba ya kusimulia maisha, NET, na hii ina mizizi katika eneo letu kuliko zote, maana ilijaribiwa mapema kabisa katika makambi ya wakimbizi Uganda. Hapa hauchaguliwi usiku mmoja wa maisha yako. Yanasimuliwa maisha yote, tangu kuzaliwa. Kikao cha mwanzo huwa na vitu unavyoweza kuvishika. Kamba inatandazwa sakafuni, sehemu iliyokunjwa bado ikiwa ndiyo siku zijazo. Mgonjwa anaweka ua mahali palipokuwa na jambo jema na jiwe mahali palipokuwa na jambo la kuogofya. Kwa wapiganaji wa zamani huongezwa vijiti, na kila kijiti ni tendo la ukatili ambalo mtu mwenyewe alilitenda. Sijaona njia nyingine inayompa askari nafasi ya kuonyesha kijiti kabla hajalazimika kukitaja. Vikao vinavyofuata hupita jiwe kwa jiwe, mshauri akiandika, na mwishoni maandishi ya maisha yote husomwa na kukabidhiwa mwenyewe.

Ya tano ni dawa. Zenye ushahidi kwa PTSD ni sertralini, paroksetini na venlafaksini, zote zikiwa katika jamii ya dawa za sonona. Kazi ya mgonjwa ni kumeza kila siku bila kuruka, kuvumilia wiki za mwanzo, na kutoziacha ghafla siku anayojisikia vizuri.

Muda

PE huchukua vikao 8 hadi 15 vya dakika 90, kwa kawaida kimoja au viwili kwa wiki. CPT ni vikao 12 vya kama saa moja, na inaweza kutolewa kwa kikundi. EMDR haina hesabu moja. Tukio moja linaweza kumalizika kwa vikao vichache, lakini askari mwenye matukio mengi atahitaji zaidi. NET huwa fupi, kati ya vikao 4 na 12, kila kimoja dakika 90 au zaidi. Dawa huanza kuonyesha kazi baada ya wiki nne hadi sita, kisha huendelea kwa miezi mingi baada ya nafuu kupatikana.

Kwa aliyepewa likizo fupi kutoka kikosini, kuna habari njema ambayo haijulikani sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha wanajeshi wa Marekani waliokuwa bado kazini, ulilinganisha vikao 10 vya PE vilivyotolewa mfululizo kwa wiki mbili na vikao hivyohivyo vilivyosambazwa kwa wiki nane, na matokeo ya wiki mbili hayakuwa duni. Mtu si lazima asubiri apate miezi mitatu ya utulivu ambayo huenda asiipate.

Ushahidi

Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2023, uliotolewa kwa pamoja na idara ya wanajeshi wastaafu na wizara ya ulinzi, unaziweka PE, CPT na EMDR mbele ya dawa. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2013, lilipendekeza tiba za kuongea zinazolenga tukio pamoja na EMDR, na likaweka dawa za sonona kwa hali ambapo tiba hizo zimeshindikana, hazipatikani, au mgonjwa ana sonona ya wastani au kali.

Hata hivyo msomaji astahili kuambiwa ukweli wote. Mapitio ya mwaka 2015 yaliyokusanya tafiti za PE na CPT kwa wanajeshi yalionyesha kwamba kati ya asilimia 49 na 70 ya waliotibiwa walipata nafuu kubwa, lakini takriban theluthi mbili bado walikuwa na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa baada ya tiba. Nafuu ni kubwa, kupona kabisa ni kwa wachache zaidi. Mtu aliyeambiwa hivi mapema hatajiona ameshindwa akibaki na ndoto moja kwa mwezi badala ya tano kwa wiki.

PE na CPT zilipopambanishwa ana kwa ana kwa maveterani 916 katika hospitali 17 za Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliona PE ikiwa mbele kidogo, kwa tofauti ambayo watafiti wenyewe walisema haina uzito mbele ya mgonjwa. CPT ina ushahidi wa karibu na sisi pia: ilirahisishwa kwa ajili ya wanawake walionusurika ukatili wa kingono mashariki mwa Kongo, wengi wao wakiwa hawakusoma, ikatolewa kwa vikundi na wasaidizi wa kijamii wa hukohuko, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikuwa mazuri kuliko ya kupewa msaada wa kawaida. Hawakuwa askari, lakini wanatuonyesha kwamba karatasi na kalamu si sharti lisilovukika.

NET ina ushahidi uliotoka kwenye udongo wetu. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa wakimbizi 43 wa Sudan waliokuwa Uganda: mwaka mmoja baada ya vikao vinne, asilimia 29 ya waliopewa NET bado walikuwa na PTSD, dhidi ya asilimia 79 ya waliopewa ushauri nasaha wa kawaida. Mwaka 2011 ukafuata utafiti wa vijana 85 wa kaskazini mwa Uganda waliowahi kuwa askari watoto, waliotibiwa na washauri wa kijijini waliopewa mafunzo, na NET ikafanya vizuri. Upungufu wake ni kwamba tafiti nyingi ni za wakimbizi na wapiganaji wa misituni, na chache ni za askari wa majeshi rasmi.

Kuhusu dawa, picha inachanganya, na lazima isemwe kwa haki kwa pande zote mbili. Utafiti wa mwaka 2007 uliohusisha maveterani 169, wengi wao wa vita vya Vietnam, haukuona sertralini ikiishinda dawa bandia. Lakini mwaka 2019 utafiti mwingine wa maveterani 223 ulilinganisha PE iliyoambatana na dawa bandia, sertralini yenye ufuatiliaji wa karibu wa daktari bila PE, na PE na sertralini kwa pamoja, na makundi yote yalipata nafuu bila tofauti ya maana kati yao. Neno la kulishika hapo ni ufuatiliaji wa karibu, ambalo halina maana sawa na kuandikiwa dawa na kuambiwa urudi baada ya miezi mitatu.

Ugumu, na kuacha njiani

Katika ule utafiti wa watu 916, asilimia 55.8 ya waliopangiwa PE hawakuimaliza, na kwa CPT walikuwa asilimia 46.6. Takriban nusu! Sizitaji tarakimu hizi ili kumtisha mtu. Nazitaja kwa sababu mtu anayejua kwamba wiki ya tatu na ya nne ndoto zinaweza kuongezeka kabla ya kupungua hatadhani tiba imemharibu. PE ina maumivu makali mwanzoni na yanashuka baadaye. CPT haiumi vile, lakini inachosha asiyependa kuandika na inahitaji utulivu wa kufikiri ambao mtu mwenye jeraha la ubongo anaweza kupungukiwa nao, ingawa jeraha hilo halimzuii moja kwa moja. EMDR hupendwa na wasiotaka kuongea, ila wapo wanaoishuku tangu kikao cha kwanza na hawarudi. NET inamgusa mtu maisha yake yote, na yaliyozikwa tangu utotoni yanaweza kuibuka pamoja na ya vitani.

Dawa zina ugumu wa aina nyingine: kichefuchefu cha siku za mwanzo, usingizi kuvurugika, na nguvu za tendo la ndoa kupungua. Hilo la mwisho ndilo linalowafanya wanaume wengi wazitupe kimyakimya, kwa hiyo daktari alitaje mapema, na mgonjwa alieleze bila aibu likimtokea, kwani kipimo au dawa yenyewe inaweza kubadilishwa. Walio chini ya miaka 25 wafuatiliwe kwa karibu zaidi wiki za mwanzo, maana dawa hizi zina onyo la kuongezeka kwa mawazo ya kujiua katika umri huo.

Naomba nisimame kidogo kwenye dawa moja ambayo haimo katika tano hizi. Diazepamu na ndugu zake hutuliza usiku huohuo, na ndiyo maana hutolewa kirahisi. Mwongozo wa 2023 unashauri zisitumike kutibu PTSD: hazigusi ugonjwa wenyewe, mwili huzizoea, na zikikutana na pombe zinaweza kuzuia pumzi. Nimewahi kukaa na jirani yangu, mstaafu wa jeshi, ambaye alikuwa amezimeza kwa miaka kadhaa kutoka kliniki moja bila mtu kumuuliza hata mara moja aliota nini. Aliye katika hali hiyo asiziache ghafla, kwani kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Aende kwa daktari azipunguze polepole.

Upatikanaji

Hapa dawa inaongoza, na hakuna haja ya kulificha hilo. Daktari wa magonjwa ya akili anapatikana Mirembe mjini Dodoma, Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mathari jijini Nairobi na Butabika jijini Kampala, ilhali mtaalamu aliyefunzwa PE au EMDR ni wa kutafutwa, na mara nyingi yuko mjini na hulipwa kwa kikao. Ukimpata mshauri nasaha, muulize waziwazi: umefunzwa tiba ipi kati ya hizi, na nani anakusimamia? Akisema anatumia “mchanganyiko” bila kuweza kueleza vikao vitakwendaje, hiyo si mojawapo ya tiba zilizopimwa, hata kama yeye ni mtu mwema. CPT na NET zina faida hapa, kwa sababu zimeonyesha kwamba wasio madaktari wanaweza kuzitoa wakifunzwa na kusimamiwa vizuri.

Askari aliye bado kazini ana hofu ya haki kabisa: jina lake litafika kwa mkuu wa kikosi? Aulize kabla ya kikao cha kwanza ni nini kitaandikwa katika jalada lake na nani atalisoma. Wazungumzaji wa Kiswahili waliotumikia jeshi la Marekani wanapata PE na CPT kupitia hospitali za maveterani za huko.

Jeraha la dhamiri

Kuna mzigo ambao vigezo vyangu haviupimi vizuri. Askari mwingine haogopi kufa; anateswa na alichokifanya, au na amri aliyoitii. CPT hulifikia jambo hilo kwa njia ya maswali, na NET kwa vijiti vyake, lakini mtu mwenyewe mara nyingi hutaka kusamehewa zaidi ya kutibiwa. Waacholi wa Uganda wana desturi ya kumkanyagisha yai mtu anayerudi kutoka msituni kabla hajaingia nyumbani, na nimeona watu wakiidharau kana kwamba inashindana na hospitali. Haishindani. Yai humrudisha mtu kwa ukoo wake; ndoto za usiku zinabaki kuwa kazi ya tiba. Padri, shehe au wazee wana nafasi yao kando ya tiba yoyote kati ya hizi tano, mradi wasimwambie aache dawa.

Ipi kwa hali ipi

Ikiwa mgonjwa anazungumzia kujiua, au ana silaha na anaitaja, suala la kuchagua tiba linasubiri. Asiachwe peke yake, silaha na dawa ziondolewe, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Aliye Marekani apige 988 kisha abonyeze 1.

Ikiwa tukio linalomtesa ni moja na linajulikana, maisha yake kwa sasa yana utulivu kiasi, na ugonjwa umemfungia ndani kwa kukwepa barabara, soko na mikusanyiko, PE ina mantiki kubwa, hasa akiwa na ndugu wa kumsindikiza katika mazoezi ya nje. Ikiwa sentensi anayoirudia usiku ni ya kujilaumu, nami ningesikiliza sana sentensi hiyo kabla ya kuamua lolote, basi CPT imelengwa pale hasa. Asiyeweza kutamka yaliyotokea, au aliyeapa kutunza siri za operesheni, ataona EMDR ina mlango mpana zaidi.

Kwa aliyepitia mengi kwa miaka mingi, pengine alichukuliwa msituni akiwa mtoto kisha akawa askari, kuchagua tukio moja la kuanzia ni kama kuchagua tone katika mvua, na NET haimlazimishi kuchagua. Ndiyo pia ya kuiulizia kwa anayeishi mbali na mji, palipo na shirika lenye washauri waliofunzwa.

Dawa zianze mapema ikiwa sonona imemlaza kiasi kwamba hawezi kuhudhuria vikao, ikiwa tiba ya kuongea haipatikani kwa umbali anaoumudu, au ikiwa ndivyo anavyotaka baada ya kuelezwa yote. Kumeza dawa leo hakumzuii kuanza vikao mwakani. Anayekunywa pombe sana naye asiambiwe aache kwanza ndipo atibiwe. Mambo hayo mawili yanaweza kutibiwa pamoja, na wengi hunywa kwa sababu ya ndoto zilezile.

Na ikiwa wewe ni mke, dada au mtoto wa mtu anayekataa yote, usianze na neno tiba. Ile fomu ya maswali 20 haimtaki asimulie chochote, anajaza namba tu. Mwombe aijaze mara moja, mezani kwake mwenyewe, bila mtu kumchungulia. Andika jumla na tarehe kwenye daftari ulihifadhi, na baada ya miezi mitatu, awe amekubali kitu au hajakubali, mwombe aijaze tena, kisha mkae wawili mzitazame namba hizo mbili.